Mtihani wa Kakakuona

Niwatilie?

— Tutilie!

Vikombe viko wazi?

— Viko wazi!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayesinzia pale nyuma, amka, maana ngano hii ina hesabu ndani yake na mimi sirudii.

Hapo kale, kale ya kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakiamkiana njiani, alikuwako mama mmoja muuza togwa, Bi Nunu. Alikuwa na binti wawili, Hidaya mkubwa na Somoe mdogo. Togwa yake ilisifika kwa sababu hakukosea kipimo. Vibaba vitatu vya unga, kimoja cha kimea. Wageni wakizidi, sita kwa viwili. Harusi ikija, thelathini kwa kumi. Utamu ulikuwa ule ule.

Na kila mnunuzi alitiliwa kidogo juu ya kata yake, nyongeza. Nchi ile nzima ilikuwa hivyo. Ukinunua vitunguu, nyongeza. Ukiulizwa una kuku wangapi, unataja na mmoja juu, wa heri. Asiyeongeza alionekana hana adabu.

Sasa, mto wao ulikuwa ng'ambo ya bonde, na mlangoni mwa bonde alikaa Kakakuona, yule mwenye magamba. Kila kiangazi aliwatahini vijana. Aliyefaulu alivuka akarudi na maji, lakini hakusema alichokiona huko. Aliyeshindwa hakurudi.

Mwaka uliopita alikwenda Hidaya. Hakurudi.

Bi Nunu aliacha kupika togwa. Alikaa mlangoni na kibaba mapajani, hali, hanywi, amebaki mifupa. Somoe akaona kwamba dada asiporudi, na mama atakwenda. Basi akajifunga kibwebwe, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kumtafuta dada. Mama hakumzuia. Alimshika mkono tu, kwa muda mrefu.

Njiani akamkuta Ngiri, naye anakwenda kwenye mtihani. Mbele kidogo wakamkuta Nyani, naye vile vile. Wakafuatana watatu.

Walifika jua likiwa la utosi. Bonde lilikuwa kimya, hakuna ndege, hakuna hata nzi. Vichuguu vimejipanga safu kwa safu, vyote vimeelekea mbele kama watoto darasani. Somoe alivihesabu, maana alizoea kupima kila kitu. Ishirini na kimoja. Akagusa kimoja kwa kiganja. Kilikuwa na joto la mwili.

Akainamisha sikio. Ndani, mbali sana, mtu alikuwa akihesabu polepole: moja, mbili, tatu, kimoja. Moja, mbili, tatu, kimoja. Somoe akaijua sauti ya dada yake, na nywele zikamsimama.

"Kaeni," akasema Kakakuona.

Wakamwamkia, naye akaitikia marahaba kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliotisha. Ulimi wake mrefu ulitoka ukarudi. Akawamwagia jivu kila mmoja mbele yake, la kuandikia, kisha akasoma masharti.

"Hakuna kunong'ona. Hakuna kufuta. Na atakayesema uongo katika mtihani huu, awe nani, ardhi itamshika."

Swali la kwanza. Vibaba vitatu vya unga hutaka mitungi miwili ya maji. Unga ukiwa vibaba kumi na viwili, maji mitungi mingapi?

Ngiri akafikiri haraka. Unga umeongezeka tisa, basi na maji yaongezeke tisa. Akaandika kumi na moja. Nyani na Somoe waliona kwamba tatu imekwenda mara nne, na mbili nayo iende mara nne. Wakaandika nane.

Kakakuona akapita, akasoma. Alipofika kwa Ngiri akasimama. Udongo ukampanda Ngiri miguuni, tumboni, shingoni, taratibu, naye hakupata hata kukoroma. Kikabaki kichuguu. Mchwa wakaanza kutoka, na Kakakuona akainama akawalamba.

Ndipo Somoe alipojua kwa nini mzee huyu anapenda kutahini.

Swali la pili. Kwa kila mbuzi wawili kuna kondoo watatu. Wote pamoja ni arobaini. Mbuzi ni wangapi?

Nyani hakuwa mjinga. Wawili na watatu ni watano, arobaini kwa watano ni nane, nane mara mbili ni kumi na sita. Akaandika kumi na sita. Kisha, kwa adabu aliyofundishwa kwao, akaongeza mmoja juu, wa heshima ya mzee. Kumi na saba.

Somoe naye aliandika kumi na sita, na kidole chake kikaanza kushuka kuongeza mmoja. Hapo ile sauti ndani ya kichuguu ikanyamaza. Akakumbuka mama yake kila siku alikuwa akisema nyongeza ni ya sokoni, chunguni haiingii. Akainua kidole.

Udongo ukamchukua Nyani.

"Dada yako alikuwa na akili," Kakakuona akamwambia Somoe, huku akijilamba. "Alijibu sawa, kisha akanipa nyongeza."

Somoe alitaka kulia, lakini alijikaza.

Swali la tatu. Tangu nianze kutahini, kwa kila mmoja aliyetoka, wanne wamebaki. Waliobaki hapa ni ishirini na wanne. Je, wametoka wangapi?

Jibu lilimjia pale pale. Sita. Rahisi mno. Akanyoosha kidole juu ya jivu, na akahisi ubaridi nyayoni. Akatazama chini. Udongo ulishafika kwenye vifundo, naye hajaandika kitu.

Akarudisha kidole. Akahesabu safu kwa safu. Alivikuta ishirini na kimoja. Ngiri, ishirini na viwili. Nyani, ishirini na vitatu. Akarudia. Ishirini na vitatu.

"Babu," akasema, "wa ishirini na nne ni nani?"

Ulimi wa Kakakuona ukarudi kinywani, na Somoe akajijibu mwenyewe.

"Ni mimi. Umenihesabu kabla sijajibu. Swali lako ni la uongo, na sharti umelisoma mwenyewe."

Kakakuona akajikunja akawa mviringo, kama afanyavyo akiogopa. Hakuinuka tena. Udongo ulimwacha Somoe, ukatambaa, ukampanda yeye, gamba kwa gamba. Vile vichuguu vingine vikapasuka kwa mpigo mmoja. Wakatoka Ngiri, Nyani, na wengine wamefunga macho, na Hidaya mwenye udongo masikioni.

Walipofika nyumbani Hidaya alichukua kibaba mapajani mwa mama yake, akapima unga: moja, mbili, tatu. Akapima kimea: kimoja. Bi Nunu akalia mpaka majirani wakaja.

Na bondeni, mpaka leo, kwa kila mmoja aliyebaki, ishirini na wanne wametoka.

Basi enyi wenye haraka ya kujibu, swali nalo lihesabuni. Na anayewauliza msimpe zaidi ya alichouliza.

Ngano nimeifunika kawa. Aliyeshiba anawe mikono, na asiyeniamini akahesabu mwenyewe.