Kisaka na Paipu za Breki

Mtu mmoja alikuwa na gari ambalo pia lilikuwa nyumba yake. Aliitwa Kisaka, muuza mitumba wa magulio ya milimani, na gari lenyewe lilikuwa basi dogo kuukuu ambalo zamani watalii walilitumia kulala porini. Ndani mlikuwa na jiko la mafuta ya taa, pazia, na kitanda kimoja upande wa kushoto. Kitandani alilala mkewe Namsifu, aliyepooza miguu tangu uzazi wake wa mwisho. Watoto walikuwa wakubwa, kila mmoja na mji wake, na Kisaka hakutaka mkewe abaki peke yake akitazama dari. Kila alikokwenda alikwenda naye. Alimpenda, na nataka mlijue hilo mapema, maana hii si habari ya mtu mbaya.

Kisaka hakuwa fundi, ila hakuna fundi aliyewahi kuligusa gari lile. Tangi lilipotoboka alilisugulia kipande cha sabuni ya mche, likaacha kuvuja. Waya wa breki ya mkono ulipokatika aliung'oa, akaufunga kutoka dirisha hadi dirisha, na Namsifu akapata pa kuanikia kanga zake. Watu wa gulioni walimsifu, naye alitembea kifua mbele akijigamba kwamba gari lake halijui mlango wa gereji.

Siku moja breki ya gurudumu la mbele kulia ikaanza kuvuja. Madereva wa milimani wana dawa ya hilo, nayo ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu. Unaikunja paipu nyembamba inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu lile, unaipiga nyundo mpaka ibane. Gurudumu hilo halishiki breki tena, lakini halivuji, na matatu yaliyobaki yanakupeleka kwa fundi. Kisaka akakunja, akapiga nyundo. Alipokanyaga pedeli akaikuta ngumu, ngumu kuliko ilivyokuwa kabla, na mguu wake ukamwambia kwamba gari limepona. Kwa fundi hakwenda.

Basi gari likawa linavuta kushoto. Kila breki ilipokanyagwa Namsifu alibingirika kitandani, akagonga ubavu kwenye bati. Hakulalamika sana, ila Kisaka aliona michubuko, na ilimuuma. Akaingia tena chini ya gari. Dawa ya kweli ilikuwa kuifungua paipu ya kulia na kutengeneza palipovuja. Yeye akaiziba na ile ya kushoto, iliyokuwa nzima haina kosa, na gari likanyooka. Namsifu alimshukuru mpaka machozi yakamtoka. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui wangemwambia nini mtu anayebomoa upande mzima ili ulingane na ule wenye ufa.

Ilipovuja breki moja ya nyuma, mkono ulikuwa umeshaizoea njia. Mara ya kwanza alipoziba alikosa usingizi. Safari hii aliziba huku akipiga mluzi. Likabaki gurudumu moja linaloshika. Akajifunza kukanyaga mapema, kushuka kwa gia ndogo, kuacha nafasi kubwa mbele yake, akayaita hayo uzoefu. Wala hakumwambia mkewe.

Msimu wa mvua ukafika. Gulio lilikuwa ng'ambo ya mlima, na pale juu, barabara inapoanza kuteremka, magari yalikuwa yamesimama yakisubiri mvua ipungue. Mama Nanzia, muuza tangawizi aliyewafahamu, alikuwa na nafasi kwenye lori alilokodi, mbele, karibu na dereva. Akaja hadi mlangoni mwa Kisaka akaomba amchukue Namsifu, wateremke pamoja wakiongea. Namsifu akafurahi, akanyoosha mikono ili abebwe.

Moyo wa Kisaka ukamwambia, mpe. Aliusikia vizuri kabisa. Lakini watu wote walikuwa wakitazama, na kumtoa mkewe ndani ya gari lile mbele yao, kwenye mteremko ule, aliona ni kukiri neno ambalo hajawahi kulitamka.

"Kwani gari langu lina nini?" akauliza.

Hakuna aliyejua ila yeye. Namsifu akairudisha mikono yake chini ya shuka, na Mama Nanzia akaondoka akiomba radhi.

Kwenye kona ya pili Kisaka alikanyaga, na pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe chini ya mguu wake, vilevile alivyoizoea. Gari halikusikia. Akatafuta gia ndogo, ikagoma kuingia. Kulia palikuwa na korongo, kushoto ukuta wa mlima, naye akafanya ambalo hata dereva bora angefanya: akaliegemeza gari kwenye mlima. Lakini upande ule ndiko kilikokuwa kitanda.

Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko. Namsifu walimtoa chini ya marobota ya mitumba akiwa ameshakata roho, na kanga zake zilikuwa bado zinaning'inia kwenye waya.

Msibani kila aliyemshika mkono alimwambia kwamba ajali haina kinga. Wengine walimsifu kwa kulikwepa korongo. Mama Nanzia alilia akijilaumu kwamba hakubembeleza vya kutosha, na Kisaka akamwacha ajilaumu. Akawa anaitikia, asanteni, asanteni, mpaka watu wakatawanyika, na hakuna hata mmoja aliyemhukumu.

Ndugu zangu, Kisaka aliuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo. Wewe nawe, mara ya mwisho ulipowauliza wanaokupenda, "Kwani mimi nina nini?", ni kweli ulikuwa hujui?