Kwa Nini Moto wa Baraza Hutoka Nyumba ya Mwisho

Tulieni, moto uko njiani. Mjumbe amepanda na kigae chake cha kukingia kaa tangu umande haujakauka, na mlima ni mlima, haufupiki kwa sababu watu wana haraka. Nyinyi wageni nimewaona mkinong'onezana: watu wazima hawa wamekaa wakitazama kuni zisizowashwa, na kila mmoja ana kiberiti mfukoni! Mna haki ya kushangaa. Basi kuliko kukaa tu tukipiga miayo, sikieni jinsi ilivyokuwa.

Zamani zile, hapa Ikweni, moto wa baraza ulitoka jikoni kwa mfumwa mwenyewe, ndiye mtawala wa milima hii. Ulikuwa karibu, hatua kumi tu, na hakuna aliyengoja. Na wafumwa walikuwa na desturi waliyoirithi kwa wazee wao, desturi njema kabisa. Kila asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, mfumwa alisimama uani akatazama moshi wa nyumba zote. Paa lenye moshi, chungu kiko motoni. Paa lisilo na moshi, kuna njaa pale, na ghala la nchi lilijengwa kwa ajili yake. Siku ya kutawazwa mfumwa aliapa mbele ya watu kwamba jua halitamkuta mtu wa Ikweni na jiko baridi.

Lakini desturi nayo ni kama paa la nyasi, usipolikagua linavuja nawe umelala. Vizazi vilipopita, ikaingia tabia ambayo hakuna anayejua nani aliianza. Aliyepelekewa mahindi ya ghala alitakiwa aje barazani, apige magoti, amshukuru mfumwa watu wakitazama. Baadaye vijana wakamtungia mwenye njaa na nyimbo za kumtania. Haya, ghala lile nani alilijaza? Kila nyumba ilipeleka fungu lake wakati wa mavuno. Mtu anapiga magoti kushukuru kwa jasho lake mwenyewe! Ndipo watu wa Ikweni walipojifunza kuficha njaa.

Katika nyumba ya mwisho, huko juu karibu na ndiva, lile bwawa linalokinga maji ya mfereji, alikaa mjane aliyeitwa Nakiete. Mumewe, Mshitu, ndiye aliyepasua mwamba mfereji ukapata kupita. Siku kumi na mbili aliuchoma moto mwamba ule na kuumwagia maji baridi mpaka ukafunguka. Alipokufa walimlia sana, wakamsifu sana, kisha kijiti chake kikabaki barazani hakina mwenyewe. Maana zamu za maji ziligawiwa kwa vijiti: kila mwenye nyumba alikuja na chake, akakichomeka ardhini, akapewa siku yake ya kumwagilia. Wajane hawakuwa na mahali pa kukaa barazani, kwa hiyo Nakiete hakuwa na wa kumchomekea. Hakuna aliyemdhulumu kwa kusudi. Walimsahau tu, na shamba lililosahauliwa hukauka sawasawa na lililoonewa.

Maji yalipita hatua tano kutoka mlangoni kwake. Aliyasikia yakishuka kwenda kwa wenzake. Kwa jembe moja tu angeyachepusha yakaingia kwenye mahindi yake, na nani angemwona huko juu? Hakufanya hivyo. Mke wa Mshitu aibe maji ya mfereji wa Mshitu? Afadhali kiu.

Misimu miwili ya kiangazi mahindi yake yalikauka yakiwa hayajafika magotini. Alikuwa akiishi na mjukuu wake, Nambike, mtoto wa miaka mitatu ambaye mama yake alifariki siku ya kumzaa. Mbuzi wao mmoja waliyekuwa naye alichinjwa, akaisha. Lakini Nakiete hakumwambia mtu kwamba mbuzi ameisha. Aliendelea kushuka na kapu lake nyumba hadi nyumba, hata uani kwa mfumwa, akiomba maganda ya ndizi ya kumlishia mbuzi. Watu walimjazia kapu kwa moyo mweupe. "Mbuzi wako mlafi kweli, mama Nakiete," walimtania, naye akacheka nao.

Kila alfajiri aliinjika maganda yale, akaongeza majani mabichi kwenye moto ili moshi uwe mnene. Chini kule, mfumwa Mrindoko, kijana mwenye moyo mzuri aliyetawazwa mwaka ule, alisimama uani akitazama. "Kwa marehemu Mshitu hawajambo," alimwambia mkewe. "Tazama moshi ule." Kisha akaingia ndani kunywa uji wake, roho yake imetulia.

"Bibi, leo tena chakula cha mbuzi?" Nambike aliuliza kila siku.

"Leo mbuzi ametualika, mwanangu. Tukikataa atanuna."

Mtoto alicheka. Nakiete aliinama akajifanya anapuliza moto, maana machozi ya moshi hayaulizwi. Alikuwa akiona nywele za mtoto zinavyogeuka nyekundu na miguu inavyoanza kuvimba. Akajiwekea nadhiri: siku mtoto huyu atakapoacha kucheka, nitashuka barazani nikapige magoti, waimbe watakavyo.

Mvua ikaja, ikaja kwa hasira. Siku tatu hapakupambazuka sawasawa. Siku ya nne ukingo wa ndiva ukabomoka, maji yakashuka yakaingia nyumba za chini moja baada ya nyingine, yakazima mafiga yote, ya mfumwa pia. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini ndiva ilikuwa inamwaga maji ya mwaka mzima, na ilibidi baraza likae upesi liitishe msaragambo, watu wote watoke kuijenga. Na baraza halikai bila moto. Wakatazama huku na huku. Palionekana moshi mmoja tu, juu kabisa, mnene vilevile kama siku zote. Wanaume walikuwa wakihangaika na mapaa yao, kwa hiyo mfumwa akaokota kigae cha chungu akapanda mwenyewe.

Asubuhi ile ile Nakiete alimwambia Nambike kwamba mbuzi amewaalika. Mtoto hakucheka. Alimtazama tu, kisha akageukia ukutani. Nakiete alijifunga nguo yake kiunoni, akaweka kipande cha ngozi mgongoni cha kumbebea, akasimama katikati ya nyumba akiyazoesha magoti yake kazi iliyokuwa mbele yake. Ndipo aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi humu, mama."

"Karibu," alijibu, na alipoona ni nani, alidhani aibu imechoka kumngoja barazani, imemfuata nyumbani.

"Naomba moto, mama. Kwetu kote umezimika."

Sasa, moto haukingwi kwa kusimama. Mrindoko alipiga magoti mbele ya mafiga matatu ya Nakiete, akanyoosha kigae chake, akangoja. Na alikuwa na la kungoja, kwa sababu kwetu aombaye moto hatoki kabla hajaonja kilicho juu ya moto huo. Hata leo ni hivyo, kumpa mtu kaa na kumnyima onjo ni kumtukana.

"Hakijaiva," Nakiete alisema.

"Nitasubiri, mama. Haraka ya nini?"

Chungu kikaendelea kutokota. Kutoka kwenye mkeka Nambike akamtazama mgeni. "Ni chakula cha mbuzi," alimwambia kwa sauti ndogo. "Na wewe amekualika?"

Mrindoko alifunua chungu. Alichukua ganda moja kwa vidole, akalitia kinywani, akatafuna, akameza. Huenda lilitoka jikoni kwake mwenyewe. Alimtazama mtoto, akaiona miguu yake, akageuka.

"Mama, mbuzi yuko wapi?"

"Mbuzi ndiye huyu unayezungumza naye, mfumwa."

Alikuwa bado amepiga magoti, na hakuinuka. "Kila asubuhi nimeuona moshi wako," alisema.

"Moshi umeuona, mwanangu. Chungu ulikuwa hujakiona."

Mrindoko akaanza kusema kwa haraka, kama mtu anayezima moto kwenye paa. Ataleta mahindi leo hii, mizigo miwili, mitatu, atayapitisha nyuma ya mlima, na Nakiete hatashuka barazani, na hakuna atakayejua. Alisema kwa upendo, na Nakiete aliuona upendo ule. Lakini pia aliona kwamba siku ile aliyepiga magoti hakuwa yeye.

"Mtoto apewe uji leo," alisema. "Huo siukatai, wala siuombi, ghala lile nililijaza pamoja nanyi. Lakini usinifiche kama mwizi. Aliyepasua mwamba alikuwa mume wangu, na maji yanapita mlangoni pangu nikiyasikiliza tu. Sijaja kwako kutaka mahindi. Nirudishie kijiti cha Mshitu, nijilimie mwenyewe."

Wakashuka pamoja. Mfumwa alitangulia na kigae, amekishika kwa mikono miwili, sawasawa, kaa limefunikwa majivu. Nakiete alimfuata na Nambike mgongoni. Barazani watu walikuwa tayari na kuni, mikono imenyooshwa. Mrindoko akaweka kigae chini, lakini hakuwasha. Aliwaeleza alichoonja.

Kisha mzee Kiondo, aliyekuwa mkali wa maneno, akasema, "Ndiva inamwaga maji, mfumwa, nawe unatuhutubia habari za maganda ya ndizi?"

"Ndiyo, baba. Kaa hili halitawaka kabla mtoto huyu hajanywa uji. Likizimika, tutakaa na baridi."

Ghala lilifunguliwa, lakini kupata moto wa kupikia ilibidi watumie punje ya kaa lile lile, na lililobaki lilikuwa likififia. Kila mtu alilitazama. Kiondo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti alipulize, majivu yakaruka yakamjaa ndevu zote, akapiga chafya mara tatu. Nambike, bakuli mdomoni, alimtazama mzee yule mweupe kama shetani wa unga. Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kimechoka, lakini Nakiete alikisikia, na hapo, mbele ya watu wote, alilia bila kutafuta moshi wa kusingizia.

Mfumwa alikwenda akakitafuta kijiti cha Mshitu, akampa Nakiete mkononi. Nakiete akakichomeka ardhini kwa mkono wake, akaketi kando yake, na hakuna aliyemwinua. Ndipo moto ukawashwa, msaragambo ukaitishwa, na kesho yake wakaijenga ndiva.

Na tangu siku hiyo, moto wa baraza la Ikweni hautoki kwa mkubwa yeyote. Unafuatwa kwenye nyumba iliyo mbali kuliko zote. Mfumwa bado hutazama moshi asubuhi, hatukuiacha desturi ya wazee. Tuliiongezea miguu tu. Anayetumwa hupiga magoti kwenye mafiga ya mwenye nyumba, na huonja chungu. Akikuta chakula, huleta kaa kwa mikono miwili. Akikuta chungu hakina kitu, hurudi na kigae kitupu, na baraza halifunguliwi hata kama tunajadili vita. Kwanza tunapeleka chakula. Wala hatusemi tunapeleka msaada. Tunasema tunapeleka kuni, kwa kuwa kila nyumba huhitaji kuni, na hakuna aliyewahi kuimbiwa kwa kupelekewa kuni. Wajane nao wana vijiti vyao, mnawaona wamekaa pale mbele.

Safari hii nyumba ya mwisho ni kwa Nanzia, yule aliyejifungua pacha juzi, na mumewe yuko mbali kwenye kazi za watu. Nyumba mpya ile, juu ya shamba la pili la migomba. Moshi wake tumeuona wote leo asubuhi.

Haya, mjumbe huyo anateremka. Ngojeni apite kwenye ile migomba. Mtazameni mkono. Kigae kinaning'inia mkono mmoja.

Basi inukeni, tupeleke kuni. Wewe mwenye mkungu wa ndizi hapo nyuma, tangulia.