Mlango wa Seremala

Wahenga walipotuambia kwamba nyumba njema si mlango, walituonya tusiupime uzuri au ubaya wa jambo tukiwa tumesimama nje. Lenah Nakhungu wa Matulo aliisikia methali hiyo tangu utotoni, asidhani hata siku moja kwamba ingemhusu yeye na mlango wake.

Lenah alikuwa mjane. Mumewe, Wepukhulu, alikuwa seremala katika shamba la setla wa Kizungu karibu na Kitale. Homa ya mapafu ilipomwua, maiti yake ililetwa nyumbani kwa gari la ng'ombe, pamoja na mlango wa mvule aliokuwa ameitengenezea nyumba yao. Hakuacha kingine. Mlango wenyewe ulikuwa umenakshiwa maua, na kitasa chake cha shaba kiling'aa kama jicho la paka. Lenah aliupaka mafuta kila Jumamosi. Ukuta wa mbele akaukandika kwa udongo mwekundu, na uwanja akaufagia mpaka ukawa safi kama sahani. Hakuwa na mtoto aliye hai, na unga aliokula ulitoka kwa jirani yake, Sellah. Hata hivyo alikuwa mcheshi, na akiulizwa hali alijibu kuwa Mungu yupo.

Mwaka wa hamsini na mbili baraza la wilaya lilitangaza posho ya wajane na wazee wasio na wa kuwatunza. Haikuwa ya kugawiwa kiholela. Karani kijana aitwaye Eliakim alitumwa kutoka Bungoma apite nyumba kwa nyumba, aone ni nani fukara kweli. Alipofika kwa Lenah hakushuka hata kwenye baiskeli. Aliutazama mlango, akatabasamu, akasema kwamba mwenye mlango kama ule ndiye angepaswa kumsaidia yeye karani. Kisha akaenda zake. Lenah alibaki kizingitini, mlango umefungwa nyuma yake.

Sellah alipopata habari alimjia juu, akitaka kujua mbona hakumfungulia mgeni aone. Lenah akajibu kwamba aibu ya nyumba yake ilikuwa siri yake.

"Aibu hailiwi, dada," Sellah alisema. "Na mimi unga wangu unakwisha. Ukikwisha kabisa, utakula kitasa?"

Lenah alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Siku ya baraza majina yalisomwa sokoni, na lake halikuwemo. Aliinuka mbele ya umati.

"Mjukuu wangu," alimwambia Eliakim, "ulipima mlango. Nyumba hukuipima. Njoo uingie."

Mzee wa kijiji alimkazia karani macho, naye karani hakuwa na budi ila kusukuma baiskeli nyuma ya bibi huyo.

Lenah alifungua. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeporomoka wakati wa mvua, akauziba kwa magunia na mabua ya mahindi. Paa lilionyesha anga. Chungu kilikuwa kikavu mekoni, na mahali pa kitanda palikuwa na ngozi kuukuu ya ng'ombe. Eliakim alivua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuuza ule mlango.

"Hiyo ndiyo mikono ya mume wangu," Lenah alisema. "Nikiiuza, nani atanipokea nikitoka shambani?"

"Nisamehe, kukhu," alisema Eliakim, akimwita nyanya kwa Kibukusu. Akachuchumaa pale pale na kuliandika jina lake.

Posho ile haikuwa ya kumtajirisha mtu, lakini ilileta chumvi, blanketi, na vijana wa kuusimamisha ukuta. Lenah alimrudishia Sellah unga, kibaba kikifurika. Eliakim alipopita tena Matulo alibisha hodi, akaingia, akala ugali kwa kuku mpaka mkanda ukambana. Lenah alipomuuliza kazi ikoje, alisema siku hizi anaingia kila nyumba, kwani kwa mzee Wekoye, ambaye mlango wake ni mkeka uliooza, alikuta mahindi yamejaa mpaka darini. Wakacheka wote wawili, tena kwa muda mrefu.

Naam, nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.