Kipande cha Mbele

Mtu mmoja alikuwa na ekari nne huko Kinangop, farasi jike wa kuvuta mkokoteni wa kabichi, na kondoo ishirini. Jina lake Gathogo. Shamba alikuwa amelikata vipande vinne kwa waya. Farasi alitangulia katika kipande kimoja akala majani marefu, kondoo wakamfuata wakala mafupi yaliyobaki, kisha wote wakahamia kingine, na vipande vitatu vikapumzika. Mambo yalikwenda hivyo miaka sita, wanyama wakanenepa. Hakuna aliyemsifu, kwa maana malisho yanayoliwa hayana sura ya kusifiwa.

Kisha mwanawe Ndegwa akachumbia msichana. Wazazi wa msichana wakatuma habari kwamba baada ya miezi mitatu watakuja kuona boma, kama ilivyo desturi. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na kipande cha mbele, kilicho kando ya barabara, kilikuwa na majani yaliyoshonana, ya kufika magotini. Wapita njia walisimama kuyatazama. Gathogo akazisikia sifa zao, zikamnogea. Akalifunga lango la mbele kwa mnyororo, ufunguo akautia mfukoni.

Mkewe, Muringo, ndiye aliyekuwa akihamisha mifugo. Zamu ya kipande cha mbele ilipofika akaomba ufunguo. Akaambiwa angoje wageni. Akamwambia mumewe waziwazi kwamba anaharibu shamba, naye akajifanya hasikii. Basi wanyama wakazungushwa katika vipande vitatu tu, na ardhi haikupata muda wa kupumzika. Mwezi wa pili kondoo walikuwa wanang'oa nyasi na mizizi yake. Farasi akaanza kutafuna nguzo za ua. Kule mbele majani yalikomaa, yakatoa mbegu, yakawa magumu. Lakini ukiyatazama kwa mbali, jamani, yalipendeza!

Siku ikafika. Wageni walisimama barabarani wakasifu, na Gathogo akafurahi kupita kiasi. Kisha ikabidi achinjwe kondoo, maana wageni wa namna hiyo hawapewi kuku. Akaletwa yule aliyekuwa mnono kuliko wenzake wote. Nyanya ya msichana akampapasa mgongoni, akateremsha mkono mbavuni, akasikia ubavu mmoja mmoja.

"Majani yako tumeyaona, Baba Ndegwa," akasema. "Sasa tuambie, mjukuu wetu utamweka kipande gani?"

Wageni wakanywa chai, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka bila kupanga siku ya kurudi. Ndegwa alilia mbele ya watu, wala hakuona haya. Baba yake akaenda kuufungua ule mnyororo na kuwaingiza kondoo. Wakanusa yale majani makavu, wakageuka.

Nanyi mliokuja hapa leo mmevaa vizuri hivyo, wa nyumbani kwenu mmewaacha wanakula nini?