Chini ya Kanzu ya Mwadhini

Sogeeni mbele, nafasi ipo. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu asubuhi, nataka tulichunguze pamoja.

Palikuwa na mwadhini mmoja, sauti yake mashallah, ukiisikia unaacha chai mezani. Basi yakamwingia makohozi kooni. Akishika kipaza sauti, "Allahu..." khm! "Allahu..." khm, khm! Watoto wakawa wanamwigiza mtaani. Kamati ya msikiti ikamwambia, Ijumaa ukiwa hivi tutamweka mwingine. Maskini, alilia, maana hakuna kazi aliyoipenda kama ile. Akanywa tangawizi, akalamba asali, akajifukiza kwa maji ya moto. Wapi! Sasa nawauliza, yanatoka wapi makohozi haya?

Akaenda kwa daktari.

"Maalim, unavuta sigara?"

"Astaghfirullahi! Mimi?"

"Nyumbani kuna moshi? Kuni, mkaa?"

"Hata kidogo. Tunapikia gesi."

Daktari akakuna kichwa. "Kunywa maji kwa wingi, na uache kujikohoza kila mara, ukilichokoza koo linazidi kutoa makohozi. Lakini chanzo bado sijakiona."

Ijumaa ikafika. Mwadhini akaoga, akavaa kanzu, akaweka chetezo cha udi sakafuni, akasimama juu yake, kanzu imekifunika, moshi unamtokea shingoni. Ndivyo alivyofanya kabla ya kila sala. Alipenda akipita watu wageuke, wanuse, waseme, "Ah, huyo!"

Mkewe akasimama mlangoni. "Bwana wee, si ulisema nyumba hii haina moshi?"

"Ndiyo."

"Na huo shingoni?"

Akacheka. "Nawe! Huu si moshi, huu ni udi!" Hapo hapo akashikwa na kikohozi mpaka akatoka juu ya chetezo, akaketi chini. Siku ile aliadhini mwingine.

Jamani, koo linajua udi? Koo linajua moshi tu. Na sisi tukiulizwa dhambi zetu tunajibu upesi: silewi, siibi, sizini. Na ile sadaka uliyosubiri kuitoa mpaka simu ipige picha? Na ile Qur'ani ambayo sauti yake inapanda wageni wakiingia? Aa, hiyo si dhambi, hiyo ni ibada!

Mwadhini hakumdanganya daktari, ndugu zangu. Aliamini anachosema, na hilo ndilo linalonitisha. Leo ukirudi nyumbani, kabla hujalalamika kwamba dua yako inakwama kooni, funua kanzu yako utazame umesimama juu ya nini.