Usingizi wa Aliyesimama Majini

Haya, hadithi inabisha hodi!
— Ipite ndani, ikae!
Ikae wapi, na nyie mmejinyoosha hivyo? Sogeeni. Nimelima tangu alfajiri, mgongo wote unaniuma, sirudii mara mbili.

Hapo zamani za kale alikuwepo Nungunungu, mjane, na watoto wake watatu. Mwaka huo jua likaunguza mihogo yote. Watoto wakalia njaa. Mama akang'oa miiba yake mitatu, akaifunga kwenye fimbo, akapata mkuki wa kudungia samaki usiku. Ila nani amshikie mwenge? Akamwendea Fisi.

"Jirani, nimulikie. Tutapika palepale ukingoni, tugawane nusu kwa nusu."

"Kumulika tu? Twende, jirani!"

Sasa mto ule ulikuwa na mila yake. Samaki wakiiva, aliyelala huitwa mara tatu. Asipoitika, fungu lake huliwa.

Usiku wa kwanza Nungunungu akasimama kwenye maji ya kiuno, baridi mpaka mifupani. Akadunga kambare sita. Fisi alikaa juu ya jiwe, mkavu, anamulika. Chungu kikabandikwa. Nungunungu akajiegesha kidogo tu, usingizi ukambeba. Fisi akanong'ona, "Jirani. Jirani. Jirani." Akala wote sita.

"Nilikuita mara tatu!" akasema asubuhi.

Nungunungu akarudi mikono mitupu. Watoto wakaitazama ile mikono, wakarudi kujilaza. Ee, kule kujilaza na njaa ndiko kulikomuuma.

Usiku wa pili, vilevile. Akadunga, akachoka, akalala. Fisi akanong'ona, akala.

Siku ya tatu mtoto mdogo hakuweza hata kusimama. Jioni Nungunungu akasema, "Jirani, leo sioni vizuri. Dunga wewe, mimi nimulike."

Fisi akacheka. "Kudunga nako ni kazi?"

Weee! Akamkosa wa kwanza. Akamkosa wa pili. Kwa wa tatu akateleza mwenyewe, akanywa maji. Mpaka anapata kambare wanne, amechoka hoi. Chungu hakijachemka, Fisi anakoroma.

Samaki walipoiva, Nungunungu hakunong'ona. Aliita kwa sauti mpaka vyura wakanyamaza. "Jirani! Jirani! Jirani!" Fisi hakugeuka hata ubavu.

Akawafunga samaki wote kwenye jani la mgomba, awapelekee watoto. Njiani akasimama. Alikasirika, tena sana, lakini akarudi. Akaacha kambare mmoja chunguni, akafunika. Usingizi ule aliujua.

Fisi alipoamka alitegemea kukuta mifupa. Akafunua chungu. Alikula huku machozi yanamtoka. Jioni yake alifika mtoni mapema, akashika mkuki akaingia majini.

Basi wenzangu, mnaokaa pakavu, msiichukulie kazi ya aliye majini kuwa nyepesi. Na mwenzako akilala kwa kuchoka, mwamshe kama unavyotaka kuamshwa wewe.

Hadithi imeiva, nimeipakua. Kila mtu na fungu lake.