Ngwali Mvunguni

Masikio yapo?
— Yapo!
Yamefunguka?
— Yamefunguka!
Basi sogezeni mikeka, maneno yasipotelee njiani.

Hapo kale misahafu iliandikwa kwa mkono, na mji wa Kitanguni ulikuwa na mmoja tu. Mchwa wakaingia kabatini. Wakala, wakala, wakala. Zikabaki kurasa za mwisho, zile sura fupi za mbingu kupasuka, milima kupeperuka na moto kuwaka.

Mwalimu wa mji, Shehe Mwidani, akasomesha alichobakiwa nacho. Ile bismillahi ya mwanzo aliipitia mbio kama mtu anayesafisha koo: "Bismirrahim!" Akifika kwenye moto, hapo sasa sauti inavutwa, macho yanatolewa, watu wanatetemeka.

Mji ukabadilika, jamani. Harusini hakuna kigelegele. Mtu akicheka, anajiziba mdomo. Akipiga chafya, anaomba msamaha!

Basi alikuwepo mkulima, jina lake Ngwali. Mwezi wa Ramadhani, akipalilia shamba, akasahau kuwa amefunga, akatafuna muhogo mbichi. Nusu ya muhogo, akakumbuka. Akatema? Hakutema! Akaona uliobaki ni kidogo tu, akaumaliza.

Ndipo hofu ikamshika. Mbio kwa Shehe.

"Shehe, nimekula muhogo. Nina njia?"

Shehe akapekua kurasa zake. Akapekua tena. Akapekua mara ya tatu.

"Mwanangu, katika hizi nilizo nazo, njia siioni."

Ngwali akarudi nyumbani, akaingia mvunguni mwa kitanda.

Mkewe, Mwanashehe, alikuwa ameolewa kutoka mji wa mbali, na msahafu alifundishwa na bibi yake. Akainama. "Mume wangu, njoo tuswali."

"Niswali nini? Mimi wa moto."

"Njoo ulime."

"Nilime nini? Mimi wa moto."

"Basi njoo ufuturu."

"Nifuturu nini? Mimi . . . ni kitu gani hicho?"

"Tambi za nazi."

Mkono ukatokeza mvunguni. "Sukuma sahani huku."

Siku tatu hivyo hivyo. Mkewe alicheka siku ya kwanza. Ya tatu akalia, maana mumewe hakuwa akiomba dua tena, hata ya kufuturia tambi. Akajifuta machozi, akaenda kumwalika Shehe kufuturu.

Walipokwisha kula na kuswali, akasema, "Shehe, nisomeshe. Ila sikio langu zito."

Shehe akafungua kurasa. "Bismirrahim! Ardhi itaka—"

"Polepole, Shehe. Mwanzo sikuusikia."

"Bismillarahim! Ardhi—"

"Bado."

Shehe akavuta pumzi. Akasoma neno kwa neno, kisha akafasiri: kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

"Huyu ndiye yule wa moto?"

"Ndiye huyu huyu."

"Na anapoanza kusema nasi, anajitaja kwa lipi kwanza? Kwa moto?"

Shehe akautazama ukurasa kana kwamba umeandikwa jioni ile.

Mara sauti kutoka mvunguni: "Sura ya pili yake inaanzaje?"

"Hivyo hivyo," akasema Shehe.

"Na inayofuata?"

"Hivyo hivyo."

"Na ile ya baada yake?"

"Hivyo hivyo, Ngwali!" Machozi yalikuwa yakimtiririka Shehe ndevuni. "Miaka kumi na miwili nalipita jina lake mbio. Na mimi pia nalala naogopa, mwanangu. Nalala naogopa."

Ngwali akatambaa nje, utando wa buibui kichwani, uso umeng'aa. "Kumbe Mungu ni wa rehema! Basi kesho nakula muhogo mzima!"

"Thubutu!" akasema mkewe. "Moto haukufutwa. Utatubu, na siku yako utailipa baada ya Idi."

Shehe akaangua kicheko. Alicheka mpaka jirani wakaja mbio wakidhani ameugua.

Idi ilipopita, Ngwali akalipa siku yake, akambebea Shehe wino na kalamu za mwanzi, wakaenda mpaka mji wa kina Mwanashehe kunakili kurasa zilizoliwa. Bibi mtu, aliyekuwa akisomesha watoto, akamtazama mzee yule mwenye kilemba. "Umefikia wapi?"

Shehe akavua viatu, akakaa jamvini katikati ya watoto wadogo. "Bibi," akasema, "nianzishe."

Ngano yangu imekaa chini, nami nakaa. Aliyeipenda aende nayo kwake. Aliyesinzia amuulize jirani.

— Tumeipokea!